Rampu, manati au kupaa wima: jeshi la maji linaloanza lichukue meli gani ya kubeba ndege?

Kuna ubishi hauishi kati yangu na washkaji wangu wawili. Kila ikitoka habari ya manowari za China tunaanza upya, mmoja anashikilia kwamba China walipoteza miaka na ile Liaoning yao kuukuu ya rampu, meli yao ya kwanza ya kubeba ndege, eti wangejikaza tu wajenge ya manati moja kwa moja kama Mmarekani, mwingine yeye ni mtu wa Muingereza, anasema chukua ndege za kupaa wima kazi kwisha, mambo ya manati na nyaya ya nini. Mi nawaambia nyie wote mnaangalia chuma tu, hamuangalii nani atasimama juu yake. Sasa nimechoka kubishana kwa simu vipande vipande, naweka yote hapa njia moja kando ya nyingine, anayetaka kuchagua achague.

Tuseme wewe ndo umekabidhiwa jeshi la maji la nchi inayoinuka. Hela ipo kiasi, wakubwa wana hamu, ila meli ya kubeba ndege hujawahi kuwa nayo hata moja na katika mabaharia wako wote hakuna aliyewahi kusimama kwenye sitaha huku dude la tani zaidi ya 20 linamjia kwa kasi. Unachukua nini?

Njia ziko tatu. Ya kwanza rampu, yaani ncha ya mbele ya sitaha imeinuliwa kama kilima, ndege inapiga mbio kwa injini zake yenyewe, kilima kinaitupa juu kidogo, halafu inajitegemea, na ikirudi inashusha ndoano inanasa waya mmoja kati ya nyaya zilizotandazwa sitahani. Ya pili manati. Utotoni manati tulikuwa tunapigia ndege, hii sasa ndo inawarusha, kwa nguvu ya mvuke au siku hizi kwa sumakuumeme, na kurudi ni nyaya zile zile. Ya tatu kupaa wima, Harrier za zamani au F-35B za sasa, ambayo ukweli inaondoka kwa mbio fupi na mara nyingi kwenye rampu, ila ikirudi inashuka taratibu kama helikopta, hakuna waya wala ndoano.

Kwa hiyo angalia vizuri, rampu na manati zinatofautiana kwenye kuondoka, kurudi ni kule kule. Kupaa wima ndo inatofautiana na hizo mbili kwenye kurudi. Hili watu wengi hawalioni na ubishi wote unapotelea hapo.

Pikapu ya mjomba

Mi udereva nilijifunzia kwenye pikapu kuukuu ya mjomba, gia zinalia, kioo cha pembeni kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mjomba alikuwa anasema gari jipya halimfundishi mtu kwa sababu utatumia akili yote kuogopa kulikwaruza. Liaoning ndo pikapu ya mjomba.

Historia yake mwenyewe ukiisikia utadhani uongo. Ilianza kujengwa 1985 kule Nikolayev, sasa hivi Mykolaiv ya Ukraine, ikiwa meli ya Wasovieti, ikaja kuitwa Varyag, nchi ikasambaratika, ujenzi ukasimama 1992 ikiwa imefika kama asilimia 68 hivi. Haina rada wala silaha, gofu tu linaelea. Mwaka 1998 mfanyabiashara wa Hong Kong, Xu Zengping, akalinunua kwa dola milioni 20 kupitia kampuni ya Macau, kwa maelezo kwamba anakwenda kufungua kasino juu ya maji, maelezo ambayo miaka mingi baadaye mwenyewe alikuja kukiri yalikuwa geresha. Waturuki wakakataa isipite Bosphorus zaidi ya mwaka mzima, wanaogopa gofu lisiloweza kujiendesha likikatika litaziba mlango wa bahari. Novemba 2001 likaruhusiwa, likatoka tu Bahari ya Aegean dhoruba ikakata kamba na baharia mmoja wa matagi, zile meli za kulivuta, akafa. Suez nako hawapitishi meli mfu. Basi likavutwa kupitia Gibraltar, likazunguka Afrika yote, likapita Rasi ya Tumaini Jema, wakasimama Maputo kuchukua mafuta na vyakula (yaani hilo dude lilipita huku kwetu kusini tu hapo, sisi tunaangalia mambo mengine), likafika Dalian Machi 2002.

Halafu sasa sikiliza miaka. Limefika 2002, likatoka baharini kwa majaribio Agosti 2011, likakabidhiwa jeshini Septemba 2012 kwa jina la Liaoning, namba 16 ubavuni. Novemba ile ile ndo ndege ya kivita ya kwanza, J-15, ikatua, rubani Dai Mingmeng. Wachina mtaani wakaanza kuiga ile ishara ya waongoza ndege wa sitahani, unachuchumaa unanyoosha vidole viwili mbele kama unamwambia rubani haya nenda, mtandao mzima wakawa wanapiga picha hivyo mpaka madaktari na wapishi. Ila siku chache baada ya ndege kutua, tarehe 25 Novemba, Luo Yang aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha Shenyang kinachotengeneza J-15 akafa kwa moyo pale Dalian, miaka 51, katoka moja kwa moja kwenye majaribio. Hiyo inakupa picha ya presha iliyokuwepo.

Meli ikatangazwa iko tayari kwa vita Novemba 2016. Miaka minne tangu ikabidhiwe, kumi na nne tangu ifike bandarini. Na hawa ni watu wenye hela, viwanda na nidhamu.

Walifanya nini muda wote huo? Walijenga shule kabla ya meli. Kule Wuhan, mjini katikati ya nchi, bahari iko mbali kabisa, walijenga jengo lenye umbo la manowari juu yake, la zege, na mnara wake kamili, la kupimia rada na kupanga mambo. Kule Xingcheng wakajenga uwanja wa ndege wenye rampu ya nchi kavu na nyaya, rubani anatua hapo mara mia kabla hajaiona meli. Ndege nayo Warusi hawakuwauzia Su-33, ndege yao ya kivita ya melini, wakapata moja ya majaribio kutoka Ukraine, T-10K-3, wakaifungua nati kwa nati ikazaliwa J-15.

Na bado watu walikufa. Aprili 2016 rubani Cao Xianjian ndege ilimgomea ikabidi ajirushe, akaanguka baharini akavunjika vibaya, siku 21 baadaye, tarehe 27, Zhang Chao mwenye miaka 29 akawa anafanya mazoezi ya kutua kama kwenye meli, nchi kavu kabisa, mfumo wa kuongozea ndege ukafeli. Kati ya tahadhari kuwaka na yeye kujirusha zilipita sekunde 4.4 na alizitumia kujaribu kuiokoa ndege. Akafariki. Cao alirudi kurusha mwaka uliofuata, sijui huyo mtu kaumbwa na nini.

Mshkaji wangu wa manati akisoma hapo atasema si ndo nilivokwambia, rampu inaua. Hapana bana, zile zote zilikuwa ajali za angani na za kutua, na kutua kwa manati na kwa rampu ni kitu kile kile: unakuja kwa kama kilomita 240 kwa saa, ukigusa sitaha unasukuma injini mpaka mwisho badala ya kupunguza kwa sababu ndoano ikikosa waya inabidi uwe na nguvu ya kuondoka tena, ikinasa unasimama ndani ya meta kama mia hivi. Usiku na mawimbi sitaha inapanda na kushuka. Wamarekani walioanza mchezo huu 1922 na USS Langley, kati ya 1949 na 1988 walipoteza karibu ndege 12,000 na watu zaidi ya 8,500, ukijumlisha wanamaji na marines. Siyo vitani tu, nyingi ni ajali. Hiyo ndo ada ya shule.

Na hao ni marubani tu, sitaha yenyewe ni stendi ya mabasi yenye moto. Njano wanaongoza ndege, zambarau wa mafuta, nyekundu wa silaha na kuzima moto, kila rangi na kazi yake na kelele ni kubwa kiasi kwamba wanaongea kwa mikono. Ukisoma kwamba Mei 2022 Wajapani walihesabu zaidi ya miruko 300 ya ndege na helikopta kutoka Liaoning ndani ya wiki mbili kwenye Pasifiki, usiwaze rubani tu, waza kijana wa jaketi la zambarau aliyeburuta mpira wa mafuta mara mia tatu bila kuteleza.

Ila rampu nayo ina ubahili wake

Sitaki nionekane naipamba. Rampu ina tatizo moja kubwa, uzito. Kwenye Liaoning kuna sehemu mbili za kuanzia mbio fupi za kama meta 105 na moja ndefu ya kama meta 195, magurudumu yanazuiwa na vizuizi vinavyochomoza sitahani mpaka injini zifike mwisho ndo vinashuka. Ukianzia karibu lazima upunguze mafuta au mabomu. Ukitaka kubeba kingi uanzie nyuma, na ukianzia nyuma umeziba sehemu ya kutulia. J-15 ni ndege kubwa, kamili inafika tani 33, kwa hiyo inaondoka na njaa. Mwaka 2013 tovuti moja ya kijeshi ya Kichina chenyewe iliibeza kuwa ni samaki anayefurukuta.

Cha pili, kwa rampu huwezi kurusha ndege ya rada yenye mabawa na panga, zile zenye sahani kubwa mgongoni. Hazina nguvu ya kujiondoa. Kwa hiyo unategemea helikopta yenye rada, ambayo inaruka chini na haikai sana, maana yake adui unamuona amekaribia. Hili kwangu ndo zito kuliko hata la mabomu.

Manati: gari zuri, leseni iko wapi?

Kwenye karatasi manati inashinda, hakuna ubishi. Ndege inaondoka na tumbo limejaa, unarusha mpaka ndege ya rada, unarusha haraka haraka. China wamefika huko na Fujian, namba 18, iliyoshushwa majini Juni 2022 Shanghai, ikakabidhiwa tarehe 5 Novemba 2025 kule Sanya, tani zaidi ya 80,000, manati tatu za sumakuumeme, na Septemba 2025 walionyesha ndege za kivita J-15T na J-35 pamoja na KJ-600 ya rada zote zikirushwa na kutua. Waliruka mvuke kabisa. Wakati wenyewe Wamarekani USS Gerald R. Ford yao ilikabidhiwa 2017 na manati ya namna hiyo, ikahangaika na manati, na nyaya, na lifti za silaha, safari yake ya kwanza ikaanza 2022, mpaka Trump akawa analalamika hadharani 2017 warudi kwenye mvuke.

Sasa kwa anayeanza. Angalia wengine walioshika manati. Ufaransa, Charles de Gaulle, manati zake za mvuke ni za Kimarekani na marubani wake wanakwenda kusomea Marekani, na meli ikiingia matengenezo nchi nzima haina meli ya kubeba ndege. Nao ni wakongwe wa hii kazi! Muingereza ambaye ndo baba wa mambo haya, mwaka 2010 aliamua kuweka manati kwenye meli yake mpya, gharama ya kuigeuza meli moja ikapanda kutoka kama pauni milioni 950 hadi bilioni 2, Mei 2012 akakimbia akarudi kwenye rampu na F-35B. Brazil wao walipita njia ya manati kuukuu, 2000 walinunua Foch ya Ufaransa kwa dola milioni 12 wakaiita São Paulo. Dola milioni 12 ni bei ya kununua, kumiliki ni bei nyingine. Mabomba ya mvuke yalipasuka yakaua mabaharia, meli ikawa inakaa bandarini zaidi kuliko baharini, 2017 wakakata tamaa, wakaiuza chakavu kwa Uturuki, Uturuki wakaikataa kwa sababu ya asbesto (ile nyuzi ya kuzuia joto ambayo ni sumu kwa mapafu), ikawa inazunguka baharini haina pa kwenda mpaka Februari 2023 jeshi lao lenyewe likaizamisha Atlantiki.

Kwa hiyo swali langu kwa mtu wa manati huwa ni moja tu: nani atakufundisha? Kama una Mmarekani rafiki wa kukuuzia manati na kukusomeshea marubani, sawa, nenda. Kama huna, unajifunza vitu viwili vigumu kwa wakati mmoja, kurusha kwa mashine ambayo hujawahi kuitengeneza na kutua ambako hujawahi kutua, na kikiharibika hujui kimeharibika upande wa mashine au upande wa watu.

Kupaa wima, au namna ya kuruka darasa

Huyu wa Muingereza ana hoja nzuri kuliko anavyojua kuieleza. Ukichukua ndege ya kutua wima unafuta somo gumu kuliko yote, lile la waya, na meli inaweza kuwa ndogo. Waingereza walipigana na Argentina visiwa vya Falklands 1982 kwa Sea Harrier kutoka Hermes na Invincible na zilifanya kazi. Wataliano wanafanya hivyo, Wajapani wanageuza Izumo na Kaga kwa F-35B.

Ila linganisha vitu vitatu. Mafuta kwanza: F-35B inabeba kama tani 6 ndani, F-35C ya manati inabeba karibu 9, kwa sababu ile feni ya kuinulia imekula nafasi. Pili hakuna ndege ya rada, unarudi kwenye helikopta kama wa rampu tu. Tatu, na hapa ndo wengi wanaumia, duniani ndege ya kivita ya kupaa wima inayotengenezwa kwa sasa ni hiyo F-35B tu na anayeuza ni mmoja tu, Mmarekani. Akinuna umekwisha.

Waulize Waturuki. Walijenga Anadolu kwa mchoro wa Wahispania, na rampu yake, wakisubiri F-35B, wakanunua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 ya Urusi, Julai 2019 Mmarekani akawatoa kwenye mradi wa F-35. Meli ipo ndege hakuna. Sifa yao ni kwamba hawakukaa kulia, meli ikaingia kazini Aprili 2023 wakaigeuza ya droni, na Novemba 2024 droni yao ya Bayraktar TB3 ikaruka na kutua juu yake bila rubani wala manati. Iran nao wamechukua meli ya makontena wakaiwekea rampu wakaiita Shahid Bagheri, droni vilevile. Hii njia ya nne nimekuwa naifikiria sana, hela kidogo na hakuna kijana wa miaka 29 anayekufa kwenye mazoezi, ila droni ya panga haizuii ndege ya kivita, tusidanganyane.

Na hata kupaa wima siyo kwamba uzembe unasamehewa. Novemba 2021 F-35B ilidondoka baharini mbele ya HMS Queen Elizabeth kule Mediterania wakati wa kuondoka, rubani akajirusha akapona, uchunguzi ukaja kukuta kifuniko cha tundu la hewa kiliachwa ndani. Kifuniko! Ndege ya mamilioni ya dola. Hilo ni kosa la sitahani, la watu wenye uzoefu wa miaka mia.

Mfano unaoniuma zaidi ni Thailand. Chakri Naruebet, imejengwa Hispania, tani kama 11,500, ikakabidhiwa 1997, nzuri, ndogo, mpya kabisa, na Harrier 9 walizonunua kuukuu kwa Wahispania hao hao. Mwaka ule ule uchumi wa Asia ukaanguka. Miaka miwili baadaye Harrier inayoweza kuruka ilikuwa moja tu, vipuri hakuna, 2006 zikastaafishwa rasmi. Meli bado ipo mpaka leo, inatumika kwenye majanga na sherehe. Jeshi lao lilichagua kwa mfuko wake, meli saizi yake kabisa, sema walisahau kwamba anayenunua meli ya kubeba ndege ananunua ndege, na anayenunua ndege ananunua vipuri vya miaka thelathini.

Kuukuu au mpya?

Hili linaambatana na rampu kwa sababu magofu yanayouzwa mengi ni ya Kisovieti. Kuna mfano mzuri wa watu wawili walionunua mitumba ya mama mmoja. China nimeshaeleza. India wao siyo wageni, walikuwa na Vikrant ya kwanza tangu 1961, yenye manati, ikapigana vita ya 1971 na Pakistan, wakaja na Viraat ambayo ndo ile Hermes ya Falklands. Wakachukua Admiral Gorshkov ya Urusi kwa mkataba wa 2004, dola milioni 974, ifike 2008. Ikafika bilioni 2.35 na ikakabidhiwa Novemba 2013. Katikati, kwenye majaribio ya 2012, boila 7 kati ya 8 zikafeli, maana India walikataa asbesto wakawekewa matofali mengine ya kuzuia joto yakashindwa kazi. Asbesto tena. Ukinunua meli ya zamani lazima uamue mapema utaishi nayo au utaitoa, Brazil waliishi nayo ikawazuia hata kuiuza, India waliitoa ikapasua boila.

Tofauti ya India na China mi naiona hapa: China gofu lililetwa nyumbani likatengenezwa na watu wao wenyewe Dalian, kwa hiyo lilipokwisha walikuwa na mafundi wanaojua kila boriti, Dalian pale pale wakajenga Shandong, namba 17, ya rampu bado, ikakabidhiwa Desemba 2019. India walimpa Mrusi atengeneze kwake, wakalipa, wakasubiri. Walikuja kujenga Vikrant mpya wenyewe kule Kochi, ikaingia Septemba 2022, ya rampu nayo, na ni meli ya kujivunia, lakini ile hela na miaka ya Gorshkov sehemu kubwa ilijenga ujuzi wa watu wengine.

Na kama unataka kuona chuma peke yake hakifundishi mtu, Liaoning ana dada yake wa tumbo moja, Admiral Kuznetsov ya Urusi. Mama mmoja, gati moja kule Nikolayev, rampu ile ile. Ilikuwa ikisafiri na tagi nyuma yake kwa sababu injini haziaminiki. Mwaka 2016 ilikwenda Syria ikapoteza ndege mbili ndani ya wiki tatu kwa shida za nyaya. Ikarudi matengenezoni, 2018 gati la kuelea likazama chini yake na krini ikaiangukia, Desemba 2019 ikashika moto. Wakati huo dadake aliyefika Dalian kwa kuvutwa kwa kamba alikuwa anakatiza mlango wa bahari wa Taiwan.

Haya, chukua

Kama nchi yako ina bahari pana, viwanda vya meli vya maana, na subira ya miaka kumi na tano, chukua rampu, na kama gofu zuri lipo likarabati nyumbani, hata likikuchelewesha. Usiitangaze mapema kuwa ya vita. China walivyofanya, na walisema wenyewe kwamba ni ya mafunzo na utafiti, iliwapa ruhusa ya kukosea. Manati itakuja baadaye na watu watakuwepo. Hapo ndo mshkaji wangu anaposema miaka ilipotea namuuliza, hiyo Fujian iliyotoka 2025 na kurusha aina tatu za ndege kabla hata ya kukabidhiwa, waliosimama sitahani walitoka wapi?

Kama una rafiki mkubwa na unajua mtaelewana miaka thelathini ijayo, na bahari yako ni ndogo, kupaa wima ni sawa, tena ni akili. Ila kabla ya kusaini mkumbuke Mturuki, na weka rampu kwa hali yoyote, maana rampu ndo iliyomwokoa alipobaki na droni.

Kama hela ni ya kuungaunga, achana na ndege za kivita kabisa, chukua meli ya helikopta. Misri walifanya hivyo, walinunua Mistral mbili za Ufaransa zilizokuwa za Warusi mpaka dili likavunjika, wakaziita Gamal Abdel Nasser na Anwar el-Sadat, zikaingia 2016. Hazina sifa za kwenye picha lakini zinaenda baharini.

Manati ya kuanzia moja kwa moja, mimi simpendekezei mtu. Anayeitaka ajenge kwanza uwanja wa nchi kavu wenye nyaya, apeleke vijana thelathini wakatue hapo mwaka mzima, ndo aje tuongee kuhusu meli.